Kidole Gumba Kwanza, Taa Baadaye

Hotuba kwa wamiliki na mafundi wa magari ya zamani

Mafundi wenzangu, wenye magari, na ninyi vijana mliokaa mbele karibu na injini hii iliyo juu ya stendi, habari zenu na karibuni sana.

Hii niliyoishika ni distributa ya gari la silinda nne, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi kwa zamu yake. Inaenea kiganjani. Ukitoa kifuniko chake utakuta roto, yaani mkono mdogo unaozunguka kuelekeza umeme, pointi, yaani swichi ndogo inayofunguka ili cheche itoke, na kondensa, na chini ya kisahani cha pointi kuna vizito viwili na springi mbili. Hakuna kompyuta humu wala sensa. Lakini kifaa hiki kidogo ndicho kinachoamua kama injini ya zamani itawaka ukigusa tu stata au itakutesa asubuhi nzima, kama itavuta mlimani au itachemsha, kama pistoni zako zitaishi au zitatoboka.

Nimekuja na neno moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, haianzii kwenye distributa. Inaanzia kwenye pistoni namba moja. Fundi anayelegeza bolti ya distributa na kuanza kuizungusha huku na huku akisikiliza mlio, bila kujua pistoni namba moja iko wapi, hajaseti taimingi. Amebahatisha. Najua kubahatisha huko kumezoeleka, maana injini huitikia kweli: mizunguko hupanda, mlio hulainika, na mwenye gari huondoka ameridhika. Tatizo ni kwamba injini ikiwa sailensi, yaani ikiunguruma tu bila kukanyagwa mafuta wala mzigo wowote, hufurahia cheche ya mapema kuliko ile itakayoivumilia ikiwa kazini. Inalia vizuri hapo gereji, na madhara yanaisubiri mlimani.

Basi tuanze na pistoni. Injini hizi ni za mipigo minne: kuvuta, kubana, kusukuma, kutoa moshi. Mipigo yote minne huchukua mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Kwa hiyo pistoni namba moja hufika juu kabisa mara mbili katika safari hiyo. Mara moja ikiwa imebana mchanganyiko wa hewa na petroli, tayari kwa cheche. Mara nyingine ikiwa inamalizia kutoa moshi, na hapo cheche haina kazi. Distributa, kwa kuwa inaendeshwa na kemishafti, mhimili unaofungua valvu, huzunguka mara moja tu krenki ikizunguka mara mbili. Ndiyo maana roto huelekea nguzo ya silinda namba moja mara moja tu, na lazima iwe kile kilele cha kubana.

Alama ya kwenye puli, gurudumu lililo mbele ya krenki, haiwezi kukuambia ni kilele kipi. Puli inazunguka na krenki, kwa hiyo alama hupita kwenye sifuri mara zote mbili, ikiwa na sura ile ile. Ukiifuata alama peke yake, una nafasi sawa ya kupatia na ya kukosea. Ukikosea, distributa inakuwa imegeuka nusu mzunguko, na injini ama haiwaki kabisa, ama inatema moto kupitia kabureta. Mwenye kichwa juu ya kabureta wakati huo hupoteza nyusi, na amshukuru Mungu kama ni nyusi tu.

Kinachokuambia ukweli ni kidole gumba. Fungua plagi zote, ili krenki izunguke kirahisi. Ziba tundu la plagi namba moja kwa kidole gumba, kisha mwenzako azungushe krenki kwa spana, taratibu, upande ule inaozungukia ikiwaka. Pistoni ikipanda kwenye kubana, hewa itakisukuma kidole chako kwa nguvu mpaka itoroke kwa pembeni ikipuliza. Ikipanda kutoa moshi, hutasikia kitu, kwa sababu valvu ya kutolea moshi iko wazi. Ukishausikia ule msukumo, toa kidole, endelea kuzungusha pole pole mpaka alama ifike. Hapo ndipo unaweza kusema unajua ulipo.

Kama mfuniko wa valvu uko wazi, kuna njia nyingine ninayoipenda. Kwenye injini ya silinda nne iliyopangwa mstari mmoja, inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja. Angalia valvu za silinda ya nne. Pale ile ya kutoa moshi inapomalizia kufunga na ile ya kuvuta inapoanza kufungua, zikipishana kama watu wawili mlangoni, silinda namba moja iko kwenye kilele cha kubana. Macho yako yanafanya kazi ya kidole.

Sasa niseme kwa nini tunataka cheche itoke kabla ya kilele, si kileleni penyewe. Vijana wengi wamekariri digrii za mzunguko wa krenki bila kuambiwa sababu. Petroli ndani ya silinda hailipuki yote kwa mara moja. Inaungua kutoka kwenye plagi kwenda pembeni, kama moto unavyotembea kwenye nyasi kavu, na safari hiyo inahitaji muda. Tunataka msukumo mkubwa kabisa uikute pistoni ikiwa imeanza kushuka, karibu digrii 15 baada ya kilele, maana hapo mkono wa krenki umekaa pembe nzuri ya kusukumwa. Krenki ikizunguka mara 800 kwa dakika, katika elfu moja ya sekunde hupita digrii 5 hivi. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, muda ule ule hupita digrii 18. Moto haujui kwamba krenki ina haraka. Basi kadiri mizunguko inavyopanda, ndivyo cheche inavyotakiwa kuwahi zaidi.

Zamani dereva ndiye aliyeifanya kazi hiyo kwa mkono. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa na wenzo chini ya usukani upande wa kushoto wa kuwahisha na kuchelewesha cheche. Aliyesahau kuichelewesha kabla ya kuzungusha hendeli ya kuwashia, hendeli ilimrudia kwa nguvu na kuweza kumvunja mkono. Halafu mhandisi Charles Kettering wa kampuni ya Delco akaja na mfumo wa koili inayokuza umeme, pointi na betri, na Cadillac ya mwaka 1912 ikatoka nao pamoja na stata ya umeme. Vile vizito viwili chini ya kisahani vimechukua nafasi ya ule wenzo. Mhimili ukizunguka kasi, vizito hutawanyika nje, vinaisogeza mbele kemu ya distributa, yaani zile nundu za mhimili zinazofungua pointi, nazo pointi zinafunguka mapema. Mizunguko ikishuka, springi huvirudisha. Naona uzuri mkubwa sana katika jambo hili, na miaka yote hii haujanitoka.

Kuna na kile kikopo cha pembeni chenye kiwambo ndani na mpira unaokwenda kwenye kabureta au manifoldi, njia ya kuingizia mchanganyiko kwenye silinda. Hicho huwahisha cheche zaidi pale unapoendesha taratibu ukikanyaga mafuta kidogo, kwa sababu mchanganyiko mwembamba huungua polepole. Nyonya ule mpira kwa mdomo, ziba kwa ulimi. Kisahani cha pointi kisogee na kibaki hapo. Kikirudi chenyewe, kiwambo kimetoboka, na gari hilo linakula petroli kuliko haki yake.

Naomba sasa niwaeleze jambo lililonipata mimi, kwa sababu ndilo lililonifanya nisimame hapa.

Nililetewa gari la silinda sita, la mtu aliyelitunza tangu alipoachiwa na baba yake. Nikaliseti taimingi vizuri, kwa taa ya taimingi inayomulika alama ya puli injini ikiwaka, digrii 10 kabla ya kilele kama kitabu chake kilivyosema. Alama ikatulia pale pale. Nikakaza bolti, nikanawa mikono. Baada ya siku chache akarudi akaniambia gari likiwa la moto, stata inagoma katikati, kama imegongana na kitu, halafu inaendelea. Nikamwambia ni stata imechoka. Akaniambia tena kwamba mlimani anasikia mlio kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Nikamwambia ni petroli mbaya. Alikuwa mtu mpole, akaniamini. Wiki chache baadaye gari lililetwa likivutwa, linatoa moshi kwenye kifuniko cha kuwekea oili, halina nguvu. Nilipofungua hedi nikakuta pistoni ya tano ina tundu lenye kingo zilizoyeyuka, ambalo ncha ya kidole changu kidogo iliingia.

Taa haikuniongopea, na kitabu hakikuniongopea. Puli ndiyo iliyoniongopea. Puli ya injini ile ilikuwa ya vipande viwili, kitovu cha ndani na pete ya nje, na kati yake raba ya kupunguza mtetemo. Raba ilikuwa imezeeka, pete ikawa imeteleza, na alama ilikuwa imechongwa kwenye pete. Nilipokuja kuipima nilikuta imehama zaidi ya digrii 10. Kwa hiyo mimi nikiona 10, cheche ilikuwa inatoka zaidi ya 20 injini ikiwa sailensi, na vizito vikiongeza sehemu yao, silinda zilikuwa zinapigwa kabla hazijajiandaa. Ile stata ilikuwa inagoma kwa sababu cheche iliwahi mno na moto ulikuwa unairudisha pistoni nyuma. Zile kokoto zilikuwa pistoni zikiomba msaada. Mwenye gari alinisikilizisha mara mbili, nami sikusikia. Nilitengeneza injini ile kwa gharama yangu, lakini pistoni ya asili iliyokuwa na umri sawa na yule bwana haikurudi.

Tangu siku hiyo sijawahi kuamini alama ya puli nisiyoihakikisha mwenyewe. Na kuihakikisha ni kazi ya robo saa. Chukua plagi ya zamani, vunja kaure yake ya ndani, chomelea bolti yenye ncha butu ipite katikati, itokeze ndani ya silinda. Shusha pistoni namba moja kidogo kwanza, ndipo uifunge kizuizi hicho kwenye tundu la plagi. Sasa zungusha krenki kwa mkono, polepole, mpaka pistoni iguse kizuizi. Piga mstari kwenye puli mbele ya kielekezi. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena. Piga mstari wa pili. Kilele cha kweli kipo katikati kabisa ya mistari hiyo miwili, wala hakuna ubishi. Kama alama ya kiwandani iko hapo, mshukuru aliyeitengeneza. Kama haipo hapo, futa imani yako kwake, chora ya kwako kwa rangi nyeupe. Na tafadhali, kizuizi kikiwa ndani, mtu yeyote asiguse stata. Kwa mkono tu.

Mkishajua kilele kiko wapi, bado msikimbilie kuzungusha distributa. Kuna jambo linalotangulia, nalo ni mwanya wa pointi. Ukiongeza mwanya, pointi zinafunguka mapema, cheche inawahi. Ukiupunguza, inachelewa. Kwa hiyo aliyeseti taimingi kwanza na mwanya baadaye amefanya kazi ya kwanza bure. Zungusha mhimili mpaka kisigino cha pointi kikae juu ya nundu ya kemu, pointi zikiwa wazi kabisa, ndipo upime kwa fila, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya. Injini nyingi za silinda nne hutaka milimita 0.35 hadi 0.40. Volkswagen Beetle, kwa mfano, ni 0.40. Fila ifutwe kabla ya kuingizwa. Filamu ya oili isiyoonekana kwa macho ikibaki kwenye pointi itaungua, itaacha weusi, na utarudi kuilaumu koili. Nikimaliza, huwa napitisha kipande cha karatasi safi katikati ya pointi zikiwa zimefunga, navuta taratibu, nakiangalia. Kikitoka cheupe, ndipo naendelea.

Kisigino nacho kinahitaji grisi kidogo, kiasi cha punje ya mchele, upande wa mbele wa kemu. Isipowekwa, kisigino kinalika, mwanya unapungua wenyewe, na taimingi inachelewa siku baada ya siku bila mtu kugusa chochote. Gari linakuwa zito polepole hivyo hivyo, na dereva anazoea.

Halafu shika mhimili wa distributa, utikise pembeni. Ukicheza, bushi zimekwisha, na hakuna fundi duniani atakayekusetia taimingi ikatulia, kwa sababu kila nundu ya kemu itafungua pointi kwa mwanya wake. Kabla hujalaumu mkono wa mtu, tikisa mhimili.

Tuje kwenye kuiingiza distributa yenyewe. Zipo za aina mbili, na kila moja ina tabia yake.

Aina ya kwanza ina ulimi chini ya mhimili unaoingia kwenye mfuo. Ulimi huo mara nyingi haukukaa katikati, umesogea upande mmoja makusudi, ili distributa iingie kwa namna moja tu. Injini ndogo za Mini na Morris Minor ziko hivyo, Beetle pia. Hizi ni rahisi, mradi aliyefanya ovahoo kabla yako hakuirudisha gia ya chini vibaya. Akiirudisha vibaya, ulimi utaingia vizuri kabisa na roto itaelekea pasipo. Kwa hiyo hata hapa, kidole gumba kwanza. Beetle ina mkato mdogo kwenye ukingo wa distributa unaoonyesha silinda namba moja. Roto ikiuelekea pistoni namba moja ikiwa kwenye kubana, umefika.

Aina ya pili ndiyo inayowatoa watu jasho: distributa yenye gia yake yenyewe, yenye meno ya mshazari, inayoshikana na kemishafti moja kwa moja. Chukueni V8 ndogo ya Chevrolet, injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Meno yakiwa ya mshazari, distributa inaposhuka, roto hujizungusha. Ukiilenga roto mahali pake halafu ukaisukuma chini, itakapokaa itakuwa imepita. Basi siku ya kuitoa, usiivute tu. Weka alama mbili za rangi kwenye kasha la distributa: moja roto ilipo kabla ya kuivuta, nyingine roto ilipofika ilipokwisha kutoka. Siku ya kuirudisha, anza na ile ya pili, nayo itajizungusha kurudi kwenye ya kwanza. Alama mbili za rangi zinakuokolea nusu siku. Weka pia alama kati ya kasha na injini. Na ukishaitoa, usiizungushe krenki. Ikizungushwa, alama zako zote zimekufa na unaanza upya kwa kidole.

Gia hiyo ya Chevrolet ina meno 13. Ukikosea jino moja, roto inakuwa imehama karibu digrii 28. Unaweza kuzungusha kasha lote kufidia na injini ikawaka, lakini kile kikopo cha kiwambo kitagonga manifoldi au ukuta, na nyaya hazitafika. Ukiona distributa imesetiwa lakini imekaa upande wa ajabu, jua kuna mtu alikosea jino akaogopa kuitoa tena. Itoe. Ni dakika tano.

Kuna mtego mmoja tena. Chini ya distributa hiyo kuna fimbo inayozungusha pampu ya oili. Gia ikishashikana lakini ncha ya mhimili isioane na fimbo, distributa itabaki imeinuka milimita kadhaa. Hapo ndipo nimeona watu wakichukua bolti ya kushikilia na kuikaza ili iivute chini. Msifanye hivyo kamwe. Mtavunja kasha, au mtaikunja fimbo, na injini isiyopata oili haikupi muda wa kujuta. Toa distributa, shusha bisibisi ndefu, geuza fimbo kidogo, jaribu tena. Au iache gia ikiwa imeshika, bonyeza kidogo kwa mkono huku mwenzako akizungusha krenki polepole. Fimbo itakapooana utasikia distributa ikidondoka, toku, imekaa. Kisha maliza mizunguko miwili kamili ya krenki ili urudi kilele kile kile cha kubana.

Nyaya za plagi zinafuata. Zinapangwa kwa mpangilio wa kuwaka, kwa kuufuata upande roto inaozungukia. Kwenye Chevrolet niliyoitaja roto huzunguka kama mshale wa saa, mpangilio 1-8-4-3-6-5-7-2. Kwenye injini ya Mini huzunguka kinyume cha saa, 1-3-4-2. Mwenye kuchanganya upande atapata gari linalomisi na kupiga baruti, hata kama taimingi ni sahihi. Na kwenye V8 ile, silinda ya 5 na ya 7 ziko jirani na zinawaka moja baada ya nyingine. Nyaya zao zikilazwa pamoja zikigusana, umeme wa moja huweza kuiamsha nyingine. Zitenganishe.

Sasa ndipo tunaseti. Tunaanza injini ikiwa imezimwa, kwa balbu ndogo. Peleka krenki mpaka kwenye digrii zinazotakiwa kabla ya kilele cha kubana, tuseme 10, siku zote ukiisogelea alama kwa upande wa mzunguko wa kawaida. Ukiipita, usirudishe kidogo tu. Rudi nyuma sana, uje upya, ili ulegevu wa cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenki na kemishafti, uvutike upande mmoja. Unganisha balbu kati ya nguzo ya koili inayokwenda kwenye distributa na bodi ya gari. Washa swichi. Zungusha kasha la distributa upande ule roto inaozungukia mpaka balbu izime: pointi zimefunga. Sasa lirudishe polepole, kinyume cha roto. Pale balbu inapowaka, pointi zimefunguka, na hapo ndipo cheche inapotoka. Simama. Kaza bolti. Kukumbuka ni rahisi: kuligeuza kasha kinyume cha roto ni kuwahisha, kuligeuza pamoja na roto ni kuchelewesha. Na swichi usiiache muda mrefu pointi zikiwa zimefunga, koili inachemka.

Kwa namna hiyo injini itawaka. Lakini balbu inapima injini iliyolala. Taa ya taimingi inapima injini ikiwa hai. Ipashe moto injini, chomoa mpira wa kiwambo na uuzibe, shusha sailensi kama kitabu kinavyotaka, bana kishikio cha taa kwenye waya namba moja, mulika puli. Taa inawaka kila plagi namba moja inapopiga, kwa hiyo alama itaonekana imesimama. Feni nayo inaweza kuonekana imesimama. Naomba mlisikie hili kwa masikio yote mawili: feni haijasimama. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, tai na mkufu vikae nyumbani, na waya wa taa upite mbali.

Alama ikicheza huku na huku badala ya kutulia, usiseti kitu. Injini inakuambia cheni imelegea au bushi za distributa zimekwisha, na namba utakayoiweka haitakaa. Ikitulia, iweke, kaza bolti, halafu mulika tena, maana kukaza kwenyewe huisogeza. Kisha panda mizunguko taratibu mpaka 3,000 huku ukimulika. Alama iwahi kwa mwendo laini, bila kuruka, na ukiachia irudi ilipokuwa. Ikikwama juu, vizito vimeshika kutu. Beetle nyingi zenye distributa ya Bosch 009 hutakiwa kufika kati ya digrii 28 na 32 kwenye mizunguko ya juu, na hiyo ya juu ndiyo namba inayoilinda pistoni. Ukilazimika kuchagua kati ya namba ya sailensi na namba ya juu kwa sababu springi zimechoka, chagua ya juu.

Wenye vitabu vya kiwandani wataniuliza habari ya petroli. Ni kweli, digrii zile ziliandikwa kwa petroli ya siku zile, nyingi zikiwa na madini ya risasi, ambayo nchi ya mwisho kuiacha kwa magari ya barabarani ilikuwa Algeria mwaka 2021. Kwa hiyo kitabu ni mahali pa kuanzia. Toka na gari, tafuta mlima, weka gia ya juu, kanyaga mafuta kwa mzigo, zima redio. Ukisikia zile kokoto kwenye kopo, rudisha digrii mbili, jaribu tena. Ukikuta gari zito, egzosi ya moto kupita kiasi, petroli inaisha bila sababu, umechelewesha mno. Badili digrii mbili kwa wakati mmoja, si zaidi, na uandike ulichofanya. Hata aliyetoa pointi akaweka kifaa cha elektroniki humo ndani atapita njia hii hii. Kifaa kinamwondolea kazi ya mwanya tu. Pistoni namba moja bado iko pale pale.

Sasa inatosha kusema. Injini hii nimeitoa plagi zote, na distributa yake ni hii niliyoishika. Krenki nimeizungusha ovyo kabla hamjaingia, mimi mwenyewe sijui ilipo. Binti yangu, wewe mwenye daftari, njoo huku. Weka kidole gumba hapo kwenye tundu namba moja, kibane kabisa. Na wewe kijana, shika spana. Zungusha upande wa saa, polepole. Polepole zaidi. Binti, usitazame puli, tazama kidole chako, na utuambie kikianza kusukumwa.